Redio Iliyochelewa Kusema

Redio ya baba niliitoa matumbo kwa bisibisi na koleo, asubuhi kweupe, mlango wa kibanda ukiwa wazi, na sitamdanganya mtu: nilifurahia. Nyaya nilizikata bila kuzitia alama. Chasisi iliponigomea kwa kutu niliipiga nyundo mpaka skrubu zikaruka. Zile chupa za kioo zinazowaka ndani, ambazo mafundi wa zamani wanaziita valvu, nilizing'oa moja moja nikazivunjia kwenye ndoo ya takataka. Zilikuwa tano. Kila moja ilipopasuka nilisikia raha kidogo hapa kifuani. Mteja aliyekuwa amekuja kuchukua simu yake alisimama mlangoni, akatazama, akaona heri arudi kesho.

Hasira zangu ziko karibu, na watu wanajua. Pale Bukoto, Kampala, kwenye safu ya vibanda chini ya maghorofa, ninapotengeneza redio na simu na spika za harusi, watu huniletea kazi kwa sababu mkono wangu ni mzuri, halafu husimama hatua mbili nyuma. Nimewahi kumzaba kofi mteja aliyesema nimembadilishia betri. Nimewahi kumrushia mtu pasi ya kulehemu ikiwa moto. Mke wangu husema nimerithi, na akishasema hivyo huangalia pembeni.

Baba alikuwa fundi cherehani wa Kibuli. Sisi ni Wanubi, uzao wa wale askari walioletwa kutoka Sudan na wakoloni, na babu yangu naye alivaa sare ya mkoloni mpaka alipostaafu. Baada ya miaka yote ile ya kupiga saluti alirudi nyumbani na redio: kubwa, ya mbao, ya kuweka mezani, kitambaa cha rangi ya dhahabu mbele ya spika na kioo chenye majina ya miji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Ilitumia umeme wa ukutani, si betri. Babu alipofariki ikawa ya baba, na baba aliipenda kuliko alivyotupenda sisi, au ndivyo nilivyoona wakati huo.

Redio ya namna ile haikuwa na haraka na mtu. Ukizungusha kitufe cha kushoto kinasema tak, taa nyuma ya kioo inawaka, halafu kimya. Valvu zinaanza kupata moto. Harufu ya vumbi linaloungua inatoka nyuma. Kimya bado. Halafu unakuja mngurumo mdogo, na baada ya mngurumo ndipo mtu anaanza kusema, kwanza kwa mbali, halafu hapo hapo mbele yako. Mimi nilikuwa nahesabu. Kwa hesabu ya mtoto wa miaka tisa ilikuwa thelathini na tatu, kila mara, wala haikukosea.

Basi ikaja ile wiki ya mwisho ya vita, serikali moja inakimbia na nyingine inaingia. Wanajeshi waliokuwa wakikimbia walipita nyumba kwa nyumba wakichukua walichoweza kubeba: magodoro, saa, viatu, na zaidi ya vyote redio. Jirani yetu alipigwa risasi ya paja kwa ajili ya redio ya mkono isiyofika hata urefu wa mkate. Baba akaificha yake ndani ya kabati la nguo, chini kabisa, nyuma ya magunia ya vipande vya vitambaa. Akatoboa ubao wa nyuma wa kabati ili waya ufike kwenye soketi. Kuizima kabisa na kukaa bila habari hakuweza. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na wakati wake wa kuingiza kichwa mle ndani, sauti ikiwa chini. Baba alisikiliza habari za nje. Mama alisikiliza mawaidha. Mimi, wao wakiwa na shughuli, nilisukuma mshale wa stesheni mpaka mwisho kabisa wa kulia nikasikiliza magitaa ya Zaire.

Amri ilikuwa moja tu. Umeme wa Kampala siku zile ulikatika na kurudi ulivyotaka wenyewe, na baba alitufunza hivi: umeme ukikatika, zima kitufe kwanza, ndipo uinuke. Usiposikia tak, hujazima. Alilisema hilo mara nyingi kuliko alivyotuambia tunawe mikono.

Asubuhi ile alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake, mama yuko nyuma anapepeta mchele. Niliingia kabatini. Gitaa lilikuwa ndiyo kwanza linapanda, umeme ukakatika. Nikashikwa na hasira, maana hata wakati huo nilikuwa nazo, nikatoka nikaenda uani kurusha mawe ukutani. Kitufe sikukigusa.

Wakaja watatu. Wawili walibaki uani, mmoja akaingia. Alikuwa kijana, macho mekundu, ana raba za kike miguuni.

"Muzee, wapi redio?"

"Afande, mimi hapana na redio. Niliuza zamani."

"Wewe nadanganya?"

"Haki ya Mungu, afande."

Nilikuwa nimeingia nyuma yake, nimesimama karibu na mtungi wa maji. Alichukua saa ya ukutani, viatu vya baba na suruali mbili za wateja. Aliinua cherehani akaona nzito, akaiacha. Aliingia chumbani, akafungua kabati, akapiga teke gunia moja. Vikamwagika vipande vya vitambaa, akatema mate, akatoka. Alikuwa anakwenda. Alikuwa amefika mlangoni kabisa, na mama alikuwa amesimama pale na ungo wake, midomo ikicheza kwa dua.

Hapo balbu juu ya cherehani ikawaka.

Hakuna aliyeitazama ila mimi. Nikaanza kuhesabu. Kwenye saba yule kijana alirudi kunywa maji, akachota mara mbili. Kwenye kumi na tano alimwuliza mama kama kuna chakula. Kutoka niliposimama mpaka kwenye kabati ni hatua nane, na miguu yangu ilikuwa mizima. Ningeweza kusema naenda kujisaidia. Ningeweza hata kuanguka chini nikalia. Nilisimama nikahesabu tu, kama mtu anayetazama maji yakichemka. Kwenye ishirini na nne mngurumo ukaanza.

Ulikuwa mdogo, lakini nyumba ilikuwa kimya. Yule kijana aliweka kikombe chini taratibu. Aliingia chumbani, akavuta magunia, akaona taa ya kijani inamtazama kutoka gizani na waya unaoingia ukutani. Nadhani alifikiri ni mtambo wa majasusi. Hakuuliza, aliipiga risasi. Ilikuwa ishirini na nane. Thelathini na tatu sikuifikia.

Wenzake wakaingia mbio. Walimpiga baba kwa mateke mpaka akawa anatapika, halafu wakamkokota mpaka kwenye cherehani, wakamlaza mkono wa kulia juu ya meza, vidole vimenyooshwa. Kitako cha bunduki kilishuka mara tatu. Mara ya kwanza alipiga kelele. Mara ya pili ilikuwa mifupa tu, sauti ya kuni kavu zinazovunjwa kwa goti. Mara ya tatu sikusikia kitu, ila niliona damu ikiingia kwenye ile njia ndogo ya uzi, ikashuka mpaka kwenye pedeli. Redio hawakuichukua. Ilikuwa na tundu ubavuni, na hata ingekuwa nzima, wao walitaka ya betri.

Hospitali haikufikika wiki ile. Jirani mmoja alimfunga mkono kwa vibao, ukapona ukiwa umepinda kama mkono wa mtu anayeomba. Hakushika mkasi tena maisha yake yote. Mama ndiye aliyekalia cherehani.

Siku baba alipoweza kuinuka kitandani, aliuliza swali moja. "Nani aliiacha wazi?"

Nilikuwa pale pale karibu na mtungi. Mama alinitazama, si kwa muda mrefu. Akasema, "Mimi."

Alimpiga kwa mkono wa kushoto. Baba alijifunza kupiga kwa mkono wa kushoto kabla hajajifunza kushikia kijiko.

Haikuwa siku ile tu. Kila umeme ulipokatika, kwa miaka, aliita kutoka sebuleni: "Umezima?" Na mama, aliyekuwa akishona mpaka mgongo unamkataa ili sisi tule, alijibu, "Nimezima." Wakati mwingine jibu lilitosha. Wakati mwingine aliinuka. Alimvunja jino moja la mbele, alimpasua sikio. Mara moja alimsukuma kwenye jiko la mkaa, na ile alama ya mkononi alikwenda nayo kaburini. Mimi nilikuwa kwenye chumba hicho hicho. Nilikuwa na miaka kumi, kumi na tatu, kumi na tisa. Nilipomzidi baba urefu nilimwambia mama, tukiwa uani, kwamba nitasema.

"Ukisema atakuua," alinijibu. "Mimi ananipiga tu."

Nikalishika neno hilo kwa mikono miwili. Lilinifaa sana. Nilihamia Bukoto nikajifunza ufundi, nikaoa, nikawa nakwenda Kibuli siku za Idi nikiwa na nyama na sukari, na kumwona mama na jino lake lililokosekana akinicheka kwamba nimenenepa.

Redio ilikaa juu ya kabati miaka yote hiyo, imefunikwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa hata kwa kufuta vumbi.

Mama akafariki. Baba hakulia matangani. Miezi michache baadaye aliniita, akanyoosha fimbo yake juu ya kabati.

"Ile. Ichukue. Itengeneze, nataka isikike." Halafu akasema, "Uifungue wewe mwenyewe. Na uitazame vizuri kabla hujagusa kitu."

Nilijibu, "Sawa, baba," nikidhani ananifundisha kazi yangu.

Nilipanda nayo bodaboda nimeikumbatia mpaka Bukoto. Kibanda cha pili kutoka changu kuna mzee Mkenya, Mkristo wa kwenda kanisani hata siku za katikati ya wiki, ambaye amekuwa akitengeneza vyombo vya muziki tangu kabla sijazaliwa. Alipoiona alivua miwani, akaivaa tena.

"Hii ni mali, kijana. Transfoma imekula risasi, lakini hiyo itasukwa upya. Valvu mbili ninazo, zingine nitaagizia Nairobi. Lakini usikate huo uzi wa mshale, tafadhali. Ukishakatika utalia."

"Mzee, nani siku hizi anasikiliza mawimbi mafupi? Nitaiwekea bodi mpya. Efuemu, flashi, blututhi."

"Mwenyewe anataka nini?"

"Anataka isikike."

"Sijakuuliza hivyo."

Nilimwambia akashughulike na vinanda vyake vya kanisa. Alirudi kibandani kwake akicheka, na kile kicheko ndicho kilichonimaliza. Nikachukua bisibisi.

Nilichokuwa nakivunja nilikijua. Kila waya ulikuwa ishirini na nne, ishirini na tano. Uzi wa mshale niliukata kwa koleo, na mshale wenyewe, kijiti chembamba chekundu kilichokuwa kimeganda upande wa kulia wa kioo, niliung'oa nikautupa kwenye ndoo pamoja na vigae vya valvu. Nyuma ya kioo niliweka utepe wa taa za bluu. Ubao niliupiga msasa mpaka mikono ikafa ganzi. Tundu la risasi nililijaza unga wa mbao na gundi, nikalisawazisha, nikapaka vanishi mara tatu, na hata mimi nilipopitisha kidole sikujua tena lilikuwa wapi. Kama kazi, ilikuwa kazi safi. Yule mzee Mkenya alikuja kuitazama, akasema imependeza, akasema pole.

Niliipeleka Ijumaa baada ya swala. Baba alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Niliiweka mezani, juu ya ile meza ya cherehani, nikasimama kando kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Alipitisha ule mkono uliopinda juu ya ubavu wa redio, akitafuta. Alirudia. Alisogeza uso kwenye kioo.

"Mshale uko wapi?"

"Hauhitajiki tena, baba. Inatafuta stesheni yenyewe."

"Nakuuliza mshale uko wapi."

"Nimeutupa."

Nikawasha, nikitaka kuyamaliza hayo. Haikungoja hata moja. Mtu alipayuka kwa Kiganda kuhusu rangi za nyumba, sauti juu kabisa, taa za bluu zikimwogofya hata paka. Baba aliruka kwenye kiti, na fimbo ikaja na yeye.

Ya kwanza ilinipasua nyusi. Ya pili ilipiga kioo kikaingia ufa kutoka pembe hadi pembe. Ya tatu niliidaka, nikamnyang'anya, nikaitupa uani, na nilipoona bado ananyoosha mkono kunitafuta, niliushika mkono wenyewe. Ule uliopinda. Niliukunja. Nilijua kabisa ninaoukunja ni upi, nikaukunja, naye akapiga ile kelele ya kwanza, ile ile niliyoisikia nikiwa karibu na mtungi. Damu ilikuwa inaniingia jichoni. Yule wa rangi redioni alikuwa bado anapayuka.

"Ni mimi!" nilimpigia kelele usoni. "Mimi ndiye niliyeiacha wazi! Si mama! Ni mimi!"

Nilimwachia. Alikaa, akaukumbatia mkono wake kifuani, akahema. Alinyoosha wa kushoto akazima redio.

"Nilijua," akasema.

Nilifuta damu jichoni kwa mkono wa shati.

"Mshale ulisimama kwenye muziki wako. Nani mwingine katika nyumba hii alikuwa anasikiliza Zaire? Mama yako? Nilipotoka kitandani niliutazama kabla sijawauliza. Nikaufunika kitambaa, usisogezwe na mtu. Nikakupa uifungue, nikasema moyoni, akiuona atajua kwamba najua. Umeutupa."

"Kama ulijua, mama ulimpigia nini?"

"Alinidanganya machoni." Alikuwa anatazama dirishani. "Na wewe ulikuwa umesimama pale. Nikasema, huyu mtoto akiona, atasema. Hukusema. Nikasema basi leo atasema. Kila mara nilisema leo. Ulikuwa unatazama tu."

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo, na ninachosikia bado ni hasira. Mtu aliyevunjwa mkono na askari, akauchukua ule mwingine akamvunja nao mke wake miaka ishirini ili mtoto afungue mdomo, huyo ni mshenzi, hata kama ndiye aliyekuzaa. Ningemwua siku ile. Nilikuwa na nguvu za kutosha. Halafu najiuliza yule mtoto aliyemzidi urefu na bado hakufungua mdomo tumwiteje, na hapo hasira inakosa pa kwenda.

Nyusi nilishonwa nyuzi nne. Kioo sikukibadilisha. Redio niliirudisha Bukoto, nikang'oa taa za bluu nikaweka balbu moja ya njano, na nikamwendea yule mzee Mkenya kumwomba kifaa cha kuchelewesha umeme, kile wanachofunga kwenye majokofu. Aliutazama uso wangu uliovimba.

"Unataka ichelewe kiasi gani?"

"Thelathini na tatu."

Alikipima kwa saa yake ya mkononi, mara tatu, mpaka kikakubali.

Sasa kila Ijumaa baada ya swala nakwenda Kibuli. Baba amezeeka sana, hasemi mengi. Anasogeza kiti, ananyoosha ule mkono uliopinda, anazungusha kitufe. Tak. Balbu ya njano inawaka nyuma ya ufa, kimya, naye ananigeukia, anangoja. Lazima niseme kabla redio haijasema. Hatukuwahi kukubaliana hivyo kwa maneno, lakini yeye anajua na mimi najua.

Ijumaa ya kwanza nilifika thelathini ndipo nikaweza. "Ni mimi, baba." Akaitikia kwa kichwa, redio ikaanza. Iliyofuata nilisema kwenye ishirini. Siku hizi nasema kwenye tatu au nne, na muda wote unaobaki tunakaa wawili tukisikiliza kimya, cherehani ya mama iko kati yetu, na naona jinsi muda huo ulivyo mrefu. Mtu anaweza kusema neno hilo mara kumi na tano kabla sauti haijatoka. Mama alihitaji niliseme mara moja tu.